Kuficha mashine za nje (AC, simtanki, jenereta, mitungi) na kupata stoo papo hapo: niliyojifunza kwa hasara

UaniKibada #1

Wakuu, habari zenu. Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili la ujenzi tangu nikiwa na kiwanja kitupu, na mengi yaliyomo kwenye nyumba yangu nimeyaokota humu. Leo nalipa deni.

Nyumba iko Kibada, Kigamboni. Nilihamia kabla haijaisha, na kama wengi wetu nikawa nafunga vitu kadiri hela ilivyoingia. Kwanza simtanki la lita 2,000 juu ya mnara wa anglaini (vyuma vya pembe). Kisha AC mbili, na mafundi wakazipachika mashine zake za nje ukutani upande wa barazani kwa sababu ndiko bomba la shaba lilikotosha. Jenereta dogo la petroli likakaa kona ya geti chini ya turubai. Mtungi wa gesi wa kilo 38 chini ya dirisha la jikoni. Pampu ya maji ikafunikwa ndoo iliyokatwa ubavu. Majembe, mpira wa kumwagilia, baiskeli za watoto na vigae vilivyobaki, vyote vimeegemea ukuta. Mama alipokuja kutoka Tanga mara ya kwanza alisimama getini, akatazama kwa utulivu, akasema: "Mwanangu, hii nyumba umeivisha kanzu kinyume."

Neno lile halikunitoka. Mwezi wa kumi na mbili nikaita fundi wa kuchomelea, akanitengenezea masanduku mawili ya bati bapa ya kufunika zile mashine za AC, na vitundu vichache pembeni "vya hewa". Tukayapiga rangi ileile ya ukuta. Ukisimama getini huoni kitu, na nikafurahi sana.

Furaha ilidumu hadi Januari. Joto la kaskazi mnalijua. Ikifika saa nane mchana AC ya chumbani inavuma lakini chumba hakipoi, baadaye inazima yenyewe, ikipumzika inawaka tena. LUKU (umeme wa kulipia kabla) ikawa inaisha kabla ya siku zake. Nikadhani gesi ya AC imepungua. Fundi wa AC alipofika hakufungua hata begi lake. Aliniambia, "Weka kiganja hapa," kwenye bati la sanduku. Nilikitoa haraka, lilikuwa kama kikaango. Lakini kompresa ya AC ya chumbani, ile pampu inayosukuma gesi, ilikuwa imeshakufa.

Alinieleza hivi, na ndiyo sababu kubwa ya uzi huu. Mashine ya nje kazi yake ni kutupa joto lililotolewa chumbani. Inavuta hewa kwa mgongo na ubavu mmoja, inaipitisha kwenye mapezi membamba ya aluminiamu, feni inaitema mbele ikiwa ya moto. Ukiweka bati mbele yake, ile hewa ya moto inagonga, inazunguka, inarudi mgongoni na kuvutwa tena. Kila mzunguko inaingia ikiwa na joto zaidi. Presha ya gesi inapanda, kompresa inavuta umeme mwingi kwa kazi ileile, na mwisho inazima kujilinda au inaungua. Kwa hiyo nililipa fundi, nikalipa umeme wa ziada, nikalipa na kompresa, ili tu mashine isionekane.

Sasa nilivyofanya baada ya hapo.

Nilikaa nikafikiria nyumba ya babu kule Tanga. Nyumba zetu za pwani zilikuwa na mbele na zilikuwa na uani. Mbele ni baraza, watu wanakaa, mgeni anapokelewa. Mtungi wa maji, kuni, kinu, mbuzi wa kukunia nazi, kamba ya nguo, vyote uani. Hakuna aliyekuwa anaficha kitu kwa kukifunika. Kila kitu kilikuwa na upande wake, kinapata hewa, na mwenye kazi anakifikia bila kuomba njia. Sisi tumejenga nyumba za kisasa tukasahau kuchora uani, halafu tunahangaika kununua mifuniko. Basi nikaamua kutafuta uani wangu ubavuni mwa nyumba, kwenye kile kichochoro cha mita 2 kati ya ukuta wa nyumba na uzio.

AC ya chumbani, kwa kuwa ilikuwa inabadilishwa kompresa, nilisema ihamishwe huko huko. Ile ya sebuleni haikuhamishika, bomba lingekuwa refu mno. Hiyo nimeiwekea pazia la mbao tu, siyo sanduku. Liko sentimita 60 mbele ya feni, juu wazi kabisa, chini wazi kwa futi moja. Fito za upana wa inchi 1, nafasi kati ya fito na fito sentimita 4, maana yake zaidi ya nusu ya pazia ni uwazi. Upande wa kulia wa mashine, zilipo valvu za gesi, pazia lina bawaba na linafunguka kama mlango ili fundi akae na vifaa vyake. Kupima kama hewa inatoka nilifunga utepe wa kanga kwenye fito, upande wa nje. AC ikiwaka, utepe unapepea kuelekea bustanini. Nikaenda mgongoni mwa mashine na mkono mtupu: hewa inayoingia ina ubaridi uleule wa uwanja. Hapo nikalala usingizi.

Simtanki na stoo nitaandika kwenye posti inayofuata, ngoja niswali kwanza.

Mpangaji_Sinza #2

Mkuu pole sana kwa hasara, na asante. Nimeamka hapa kwenda kuangalia ya kwangu, mwenye nyumba amejenga ukuta wa tofali nusu mita mbele yake. Kumbe ndiyo maana.

UaniKibada #3

Ndugu, nusu mita ya tofali zima lisilo na tundu ni tatizo. Muombe mwenye nyumba atoe hata mistari miwili ya juu au aweke tofali za matundu, zile wengine huita za maua.

Naendelea.

Mnara wa anglaini ulikuwa unanikera kuliko vyote. Miguu minne ya chuma, kutu inachuruzika hadi kwenye sakafu, na chini yake patupu pasipo na kazi. Nikajiuliza: eneo hili la mita 2 kwa 2 nalilipia kodi ya ardhi, kwa nini lisiwe chumba? Nikaubomoa, nikajenga mnara wa zege wenye nguzo nne, juu slab, na katikati ya nguzo nikajaza tofali. Ndani nimepata stoo ya mita 1.5 kwa 1.5, urefu mita 2.7. Kwa macho ya mtu wa getini ni kijumba kidogo chenye mlango wa mbao na plasta, kimefanana na nyumba.

Hesabu muhimu kwa anayetaka kuiga: lita 2,000 za maji ni tani 2. Slab yangu ina mita 1.8 kwa 1.8, unene sentimita 15. Hiyo peke yake inakaribia tani 1.2. Zaidi ya tani 3 zimekaa juu ya kichwa cha mtu anayeingia kuchukua reki. Hapa sikubana hela. Nilimlipa mhandisi aje achore nguzo, msingi na nondo, akarudi kukagua nondo kabla zege halijamwagwa. Tulimwagilia maji asubuhi na jioni, mbao za chini hazikutolewa hadi siku 21, na tenki halikujazwa hadi wiki 4 zilipotimia. Fundi aliniona mwoga. Sawa, lakini ndani ya stoo ile wanaingia wanangu.

Kitu kingine: simtanki la plastiki linataka kukaa juu ya sehemu bapa kote. Likikaa juu ya vyuma vyenye nafasi katikati, kitako kinabonyea polepole na siku moja kinapasuka. Kama una mnara wa chuma na huna mpango wa kuubomoa, angalau weka sakafu kamili juu yake.

BintiWaTegeta #4

Kaka UaniKibada, swali. Mimi tenki langu linaonekana kutoka barabarani na mume wangu anataka tulishushe chini kabisa tulifiche nyuma ya ua wa michongoma. Unashauri?

UaniKibada #5

Dada, mkilishusha mnapoteza msukumo. Kila mita 10 za kimo zinakupa baa 1 (kipimo cha presha), yaani kila mita moja ni sehemu moja ya kumi ya baa. Tenki lililo mita 3 juu linakupa kama baa 0.3, ambayo inatosha kwa bomba na bafu la kawaida japo si kwa fujo. Mkiliweka chini mtahitaji pampu ya kusukuma, na siku umeme ukikatika maji yapo na hayatoki. Kama mna pampu na jenereta au betri, lishusheni kwa amani. Kama hamna, liacheni juu na muifiche miguu, maana kinachochukiza jicho mara nyingi si tenki, ni ile mifupa ya chuma chini yake.

FundiChuma_Mbagala #6

Nachomelea vyuma miaka mingi, naomba niseme kuhusu kutu maana naona watu wa Kigamboni, Mbezi Beach na Bahari Beach wanatupiwa chumvi usiku kucha na hawajui.

Pazia la chuma likioza haliozi katikati. Linaoza sehemu mbili: kwenye viungo vya kuchomelea, na ndani ya skwea paipu. Ukinunua bomba la mabati lenye zinki, ile zinki inaungua pale tu fundi anapochomelea. Ukiacha bila kusugua kwa brashi ya waya na kupaka rangi yenye zinki, kutu inaanzia hapo. Na ndani ya bomba: fundi akiacha mdomo wazi, hewa ya chumvi na maji ya mvua yanaingia, hayatoki. Nje unaona rangi nzuri, ndani kumebaki gamba. Siku mtoto akiegemea, linavunjika. Ziba midomo yote ya juu, toboa tundu dogo chini kabisa ili maji yatoke.

Watu huniambia "piga redioksaidi tu", ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Redioksaidi ni koti la ndani. Bila rangi ya mafuta juu yake, mvua mbili za masika inaisha.

Kwa aliye mstari wa mbele wa bahari kabisa, ushauri wangu unaninyima kazi lakini ni wa kweli: usitumie chuma. Tumia aluminiamu, tofali za matundu au mbao.

UaniKibada #7

Fundi, asante mno. Hilo la tundu la chini sikulijua, kesho natoboa fremu ya chuma ya mlango wa stoo.

Bi_Shangani #8

Assalaam alaykum. Mimi niko Unguja. Nimefurahi kaka alivyotaja uani, maana huku Mji Mkongwe jambo hili si la kupenda mtu tu. Mji uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kuna Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Ukitaka kupachika kitu kwenye uso wa nyumba ni lazima upitie kwao. Nyumba ya mawe ya chokaa ukiitoboa ovyo kwa ajili ya bomba na mabano ya AC, unaingiza maji ukutani, na ukuta wa namna ile ukishika unyevu unaanza kumomonyoka kwa ndani.

Sisi nyumbani mashine ya nje tumeiweka kwenye uwazi wa ndani wa nyumba, ghorofa ya juu, ambako joto linapanda na kuondoka. Simtanki liko juu ya paa nyuma ya ukuta wa ukingo, huwezi kuliona ukiwa kichochoroni. Na dirisha moja la upande wa nyuma lenye mashine, seremala ametia kimia cha mbao kama kile cha roshani zetu za zamani. Hewa inapita, jicho halipiti. Hicho kimia wazee walikitengeneza ili wanawake wapate upepo wasionekane, basi na leo kinatufaa.

Seremala alitumia mbao za mti wa mkongo akatuambia usipigwe vanishi ya kung'aa, upakwe mafuta. Vanishi kwa jua letu na chumvi inabanduka maganda maganda, mafuta unarudia kila baada ya masika na mbao inabaki hai.

NgomaNagwa #9

Mimi sioni haja ya mbao wala chuma. Panda mmea. Bogenvilia au pasheni, miezi sita huoni AC wala tenki. Rahisi na nyumba inapoa.

UaniKibada #10

Mkuu, kwa tenki nakubali kabisa, tena mmea unalipunguzia jua na maji hayachemki. Lakini kwa AC nakupinga. Pasheni ikishika kasi inaingiza vijiti kwenye feni, na majani makavu na chavua vinajaza yale mapezi ya aluminiamu mgongoni. Mwaka mmoja umerudi kwenye shida ileile ya sanduku la bati, ila polepole. Jirani yangu yuko hivyo, kila alipoita fundi aliambiwa mashine imeziba.

Ukitaka mmea, panda mita moja na nusu mbele, mmea wa kusimama na siyo wa kutambaa, na uukate. Minyaa niliikataa kwa sababu ya watoto, utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali.

Mwinyi_Muscat #11

Salaam kutoka Muscat. Huku karibu kila nyumba ina tenki juu ya paa na mashine za AC ni nyingi kuliko madirisha, kwa hiyo tumeshajaribu kila aina ya mfuniko.

Ukuta wa ukingo wa paa ndiyo jibu la wengi. Lakini ukuta mzima ukikaribia mashine, mnajua yanayotokea, na huku kiangazi hakisamehe. Wanaojua wanaacha sehemu ya ukingo ikiwa na matundu ya nakshi, upande ule feni inakotemea.

Kuhusu tenki kupigwa jua: huku mwezi wa sita na wa saba maji ya bomba la baridi yanatoka ya moto kiasi cha kushindwa kuoga. Watu wanazima hita ya bafuni wakati wa kiangazi, na maji yaliyokaa ndani ya hita, kwa kuwa hita iko ndani ya nyumba, ndiyo yanakuwa ya baridi. Unafungua bomba jekundu kupata baridi. Kwa hiyo kulifunika tenki kwetu si suala la uzuri. Niliweka paa dogo la bati juu ya tenki, limeachana nalo kwa futi moja ili upepo upite, na tofauti niliihisi mkononi siku ya kwanza.

Mpangaji_Sinza #12

Wakuu, sisi wapangaji tufanyeje? Siruhusiwi kutoboa ukuta wala kujenga.

UaniKibada #13

Ndugu, tengeneza pazia linalosimama lenyewe. Fremu mbili za branda za 2x2, zimeunganishwa kwa bawaba zifunguke kama kitabu. Kitabu kikikunjuka kwa pembe kinasimama bila msumari ukutani. Chini weka mfuko wa kokoto kila upande ili upepo wa kusi usiliangushe. Ukihama unalikunja unaondoka nalo. Miguu isiguse udongo, iweke juu ya vipande vya kigae, la sivyo mchwa watahamia kabla yako.

BintiWaTegeta #14

Na jenereta? Langu liko barazani, kelele na moshi. Nafikiria kulijengea kibanda kidogo cha tofali, mlango wa chuma, nifunge kufuli maana wezi.

UaniKibada #15

Dada, hapa naomba nisimame kidogo, na mnisamehe nikiandika kwa ukali.

Kwanza, leo hii lihamishe kutoka barazani. Moshi wa jenereta una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, kaboni monoksaidi. Inamchukua mtu akiwa usingizini bila kukohoa hata mara moja. Barazani, karibu na dirisha au mlango, ni hatari hata kama pako wazi kwa mbele. Liweke angalau mita 6 kutoka kwenye dirisha au mlango wowote, wako na wa jirani, na mdomo wa moshi uelekee mbali na nyumba zote.

Kibanda ni sawa, ila kiwe ni paa na kuta za matundu, si chumba. Mimi langu liko mwisho wa kichochoro, kuta tatu za tofali za matundu na geti la nondo mbele. Paa la bati limenyanyuliwa futi moja juu ya kuta. Mwizi halioni kwa urahisi na halitoi bila kukata nondo, lakini upepo unaingia na kutoka pande zote. Limefungwa pia kwa mnyororo kwenye pete iliyozamishwa kwenye zege la sakafu. Kamwe usiliwashe ndani ya chumba kilichofungwa, hata stoo, hata gereji yenye mlango wazi.

Petroli ya akiba isikae humo. Na jenereta lisikae kibanda kimoja na mtungi wa gesi. Nimeona kwa macho yangu nyumba moja Toangoma wameviweka pamoja kwa sababu "vyote ni vya nje". Niligonga geti nikawaambia.

Mama_Ushongo #16

Asante kwa kusema hayo. Kuna familia ninayoifahamu ilipoteza watu kwa jenereta. Wasomaji wachukue kwa uzito.

Na mitungi je? Fundi wangu anataka kuijengea kabati zuri la tofali lenye mlango wa mbao mzima, nje ya jiko.

UaniKibada #17

Poleni sana, dada.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inashuka na kutambaa sakafuni kama maji, inatafuta shimo. Kwa hiyo kabati lake linataka matundu chini kabisa, usawa wa sakafu, na mengine juu. Mlango mzima wa mbao bila nafasi chini ni kuihifadhi gesi iliyovuja ikisubiri cheche. Mwambie fundi aweke mlango wa wavu au wa fito. Mtungi usimame wima, uwe kivulini, na pasiwe na chemba ya maji taka au mfereji karibu, maana gesi inaweza kushukia humo. Swichi, soketi na pampu zikae mbali.

Kila ninapobadilisha mtungi napaka povu la sabuni kwenye regula na kwenye viungo vya mpira. Povu likichemka, nafunga. Harufu mbaya mnayoisikia imewekwa makusudi kiwandani ili tushtuke, msiizoee.

MzeeWaRamani #18

Vijana mnafanya vizuri. Naongeza mambo matatu ya haraka.

Mita ya LUKU msiifungie. Watu wa TANESCO wakija lazima waifikie, na ninyi wenyewe siku ya hitilafu mtataka kuifikia gizani.

Mifuniko ya chemba na shimo la maji taka msijenge stoo juu yake. Nimeona stoo nzuri imevunjwa kwa nyundo kwa sababu gari la kunyonya lilifika na mfuniko uko chini ya sakafu ya vigae.

Na stoo ya kudumu, hata ya mita moja na nusu, ni jengo. Ulizieni kibali halmashauri, na msiegemeze paa lake kwenye uzio maji yakamwagikia kwa jirani. Ugomvi wa maji ya mvua hauishi.

UaniKibada #19

Mzee wangu shikamoo, na asante. Kibali nilichukua baada ya kukumbushwa na mhandisi. Maji ya paa la stoo nimeyaelekeza kwenye pipa upande wangu.

Nimalizie kitu ambacho familia imekipenda kuliko vyote, kile kilichochukua nafasi ya marundo ya barazani. Tumekiita benchi lenye tumbo.

Barazani, chini ya dirisha la sebule, nimejenga benchi la urefu wa mita 2.4, kina sentimita 50, kimo sentimita 45. Kuta zake ni tofali za inchi 5, sawa na baraza la zamani, lakini katikati ni tupu na juu ni mifuniko miwili ya mbao yenye bawaba. Tumboni mna mpira wa maji, viatu vya bustani, mipira ya watoto, mikeka ya wageni, brashi na ndoo za rangi. Sakafu ya ndani imenyanyuliwa sentimita 10 juu ya sakafu ya baraza na ina mteremko mdogo kuelekea vitundu viwili vya mbele. Kila kitundu kina wavu mgumu wa chuma, kwa sababu panya akiingia na nyoka humfuata. Mfuniko umezidi ukingo kwa sentimita 3 ili mvua ya kusi isiingie kwenye ufa.

Kosa nililofanya hapo mwanzo: mfuniko ulikuwa mmoja mrefu. Mzito, na ulimwangukia binti yangu wa miaka sita vidole viwili. Havikuvunjika, alhamdulillahi, lakini kucha moja ilitoka. Wiki hiyohiyo nikaukata vipande viwili, nikaweka mnyororo wa kuuzuia usirudi nyuma na kipande cha mpira kila kona, ili ukifungwa ubaki mwanya wa upana wa kidole. Mwenye watoto asiache hili.

Mpangaji_Sinza #20

Naweza kuweka mtungi wa gesi wa kilo 6 humo tumboni?

UaniKibada #21

Hapana ndugu. Hapo watu wanakaa, na ni sanduku. Mtungi ubaki kwenye wavu wake.

FundiChuma_Mbagala #22

Bawaba umetumia zipi? Hizi za kawaida barazani kwa watu wa baharini hazimalizi mwaka.

UaniKibada #23

Za kwanza zilikuwa za kawaida, zilishika kutu miezi minane tu na msumari ukabaki mkononi. Sasa nimeweka za chuma cha pua, tatu kila mfuniko, na skrubu za chuma cha pua vilevile. Watu wanasahau skrubu: wanaweka bawaba nzuri kwa skrubu mbovu, kinachooza ni skrubu.

Mrejesho wa mwisho kwa leo. Mama amekuja tena wiki iliyopita. Hakusema lolote getini. Jioni nilimkuta amekaa kwenye benchi, amefungua mfuniko wa kushoto, anapanga mikeka upya kwa namna yake, mipana chini na ya kuswalia juu. Akaniuliza kama fundi wangu anaweza kumtengenezea lingine kama hilo Tanga, ila la mita 1.8 kwa sababu baraza lake ni fupi.

Dada BintiWaTegeta, nitapima nafasi za tofali za matundu za kibanda cha jenereta kesho asubuhi kabla sijaenda kazini, nikuwekee vipimo hapa pamoja na idadi ya tofali.

BintiWaTegeta #24

Nitashukuru kaka. Jenereta tumeshalitoa barazani jioni hii, liko nyuma chini ya mwembe kwa sasa, limefungwa mnyororo kwenye shina.